Kiti changu si tenga la machungwa

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, natumia kiti cha magurudumu. Mwezi uliopita nilipanda basi pale stendi ya Kange kwenda Kariakoo kununua vitambaa. Konda akasema kiti ni mzigo, nikalipa elfu kumi bila risiti. Kikatupwa kwenye buti chini ya matenga ya machungwa, kikanyagio kikapinda. Lakini abiria ndio walioniuma zaidi. Mmoja aliuliza kwa sauti, “Huyu ndugu zake wako wapi?” Mwingine akaniwekea sarafu ya mia tano mapajani, nami nina laki tatu za mtaji mkobani! Nilikasirika mpaka Dar. Je, nilikosea?

Fundi, Ngamiani

Marahaba, mwanangu. Hujakosea hata chembe. Nakujibu kwa aibu kidogo, maana kabla stendi haijahamia Kange niliwakatia abiria tiketi miaka tisa, na niliwahi kumwambia kijana mwenye magongo asubiri gari la pili. Sikumchukia. Niliwatazama abiria tu; wakianza kuguna “tunachelewa,” mkata tiketi anajua hakuna wa kumuuliza. Siku ile akashuka mama muuza dagaa, akasema hapandi mpaka kijana apande. Watatu wakamfuata. Hazikupita dakika mbili, kijana yuko siti ya mbele. Wale wa “maskini, jamani!” huku wameikalia siti hiyohiyo, hawakuwahi kunisumbua hata siku moja.

Umeniandikia yote, ila la choo umelificha. Nadhani hukunywa maji tangu alfajiri. Basi likisimama Segera watu hushuka na kurudi na mahindi yao, wala hawajiulizi nani amebaki kitini.

Sheria ipo: ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010, inakataza ubaguzi. Mabasi yanasimamiwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na malalamiko yanapokelewa hukohuko. Safari ijayo dai risiti, piga picha namba ya gari, na kipige picha kiti kabla hakijaingia kwenye buti.

Na ile mia tano? Mimi ningemrudishia palepale, kisha nimwombe anisaidie kuhesabu laki zangu.

Tiketi bado unayo? Ilete, na kile kikanyagio kisinyooshwe kwanza. Barua ya malalamiko tutaiandika pamoja.

Shangazi