Gamba la kobe wetu linabonyea, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Tuna kobe wa madoa, ana miaka kama 3. Anakaa sebuleni kwenye boksi, karibu na dirisha la kioo ili apate jua. Anakula mkate, ugali na mchicha, na ndizi ndiyo anayoipenda zaidi. Siku hizi gamba linabonyea ukiligusa, na akitembea anaburuta tumbo. Muuza dawa za mifugo anasema ni minyoo, tumchome sindano ya aivamektini.
Mama wa watoto wawili, Bagamoyo

JIBU: Mama, sindano hiyo isichomwe. Aivamektini inayomfaa ng'ombe humpooza kobe, na inaweza kumuua. Hata kama minyoo imo, kuna dawa nyingine, na kipimo chake hupangwa na daktari baada ya kumpima uzito na kuangalia kinyesi.

Dalili unazoeleza ni za upungufu wa kalsiamu. Gamba ni mfupa. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa hiyo chakula kisipoileta, mwili huichota mifupani. Chakula cha kobe kinatakiwa kiwe na kalsiamu angalau mara 2 ya fosforasi. Mkate, ugali na ndizi ni kinyume chake. Mchicha ndio unaowaponza wengi: kalsiamu imo, lakini imeshikwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye majani hayo, na sehemu kubwa hutoka na kinyesi.

Dirisha nalo limechangia. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia miale ya urujuanimno ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila D3, kalsiamu hata ikiwepo utumbo hauifyonzi vizuri.

Basi ashinde nje kuanzia saa 2 asubuhi, ndani ya uzio wa matofali, nusu jua nusu kivuli. Tafadhali asianikwe juani ndani ya beseni: akikosa pa kujificha hufa kwa joto upesi sana.

Chakula kiwe nyasi kwanza. Robo tatu ukoka na majani mengine ya shambani yasiyopuliziwa dawa, kinachobaki mchunga, maua ya haibiskasi na mpungate uliotolewa miiba. Ndizi iachwe kabisa. Sukari yake huvuruga tumbo lililoumbiwa nyasi.

Kwa kalsiamu, ninyi wa pwani mna bahati. Okoteni ufukweni ule mfupa mweupe wa dome (jamaa ya ngisi), uloweke siku 2 kwenye maji baridi mkibadilisha maji ili chumvi itoke, ukauke, kisha mkwaruze unga. Nyunyizeni kiasi cha ncha ya kijiko cha chai kwenye majani, mara 3 kwa wiki, na kipande kimoja aachiwe agugune. Mkiukosa, chemsheni maganda ya mayai dakika 10, yakauke, myasage laini.

Aogeshwe kwenye maji ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, mara 3 kwa wiki, maji yasimfike shingoni. Hapo ndipo hunywa.

Gamba huchukua miezi kukaza, na likishakua vibaya umbo halirudi. Daktari wa wanyama amwone wiki hii, ikiwezekana apigwe eksirei. Akianza kutetemeka au miguu kulegea, mpelekeni siku hiyohiyo, kwani huenda akahitaji kalsiamu ya sindano.

Jambo moja zaidi: huyu ni mnyamapori, kumfuga kunahitaji kibali. Kama hamna, zungumzeni na ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Msimwachie porini sasa, maana gamba laini halimkingi na mbwa wala nguchiro.