Usimtupe huyo babu wa 1841

Mwanangu,

Meseji yako nimeisomea kwenye basi nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Eti babu yake babu wa marehemu baba yako umemkuta kwenye sensa ya Dundee, Scotland, ya 1841 ana miaka 25, halafu cheti cha kifo cha 1870 kinasema kafa na miaka 58, hesabu haiingii, ni yeye au umedaka babu wa watu?

Anaweza kuwa yeye. Sensa ile makarani waliambiwa mtu akishapita miaka 15 umri wake ushushwe mpaka kwenye tano iliyo chini, yaani wa 29 anaandikwa 25, na siyo wote walifuata. Mi kitu hichohicho kilinila miezi miwili, nikamtupa mtu sahihi nikamfukuzia mwingine wa jina lilelile, na jina lenu unalijua, limejaa Scotland kama Juma Tanga.

Sasa shika cheti cha kifo. Raha ya Scotland, tangu usajili wa serikali uanze 1855 cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, tena mama kwa ukoo wa kwao, England enzi hizo hawakuandika. Huyo mama ndo wa kumng'ang'ania. Ila angalia nani alitoa habari, akiwa mtoto wa marehemu sawa, akiwa jirani basi kaa chonjo.

Halafu nenda sensa ya 1851, hiyo inataja parokia aliyozaliwa mtu na nani ni nani wake mle ndani, ya 1841 haina hayo. Ukishaijua parokia ndo ufungue rejista za zamani za kanisa la taifa umtafute ubatizo, ukimkosa usikate tamaa maana kuna waliosali makanisa yaliyojitenga. Na cheki majina ya wanawe, wa kwanza mara nyingi alipewa la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kama kwetu tu, ingawa siyo sheria.

Mkewe kuandikwa kiwanda cha juti, zile nyuzi za magunia, na yeye hana kazi kusikushtue, ndo Dundee hiyo, wanaume waliobaki nyumbani walikuja kuitwa wachemsha birika, baba yako alikuwa anakasirika nikimwita hivyo.

Nipigie picha hicho cheti unitumie wasap leo, pale mtoa habari alipoweka sahihi, au kama kaweka alama ya x tu.

Mama