Debe la uvunguni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeniuliza kama ni kukosa imani mtu kusali "utupe leo riziki yetu", kisha akakesha mpaka saa tisa usiku akipiga hesabu za kodi na ada. Nimelibeba swali lako tangu Jumapili, na kila nikitaka kulijibu linanijia lile debe.

Baba yako hapendi niizungumze habari hii. Ilikuwa 1983, tumepanga Dodoma, wewe hujatimiza mwaka. Mvua zilikuwa zimegoma na madukani hamna kitu. Sabuni, sukari, unga, vyote foleni duka la kaya, lile la mgawo kwa kila familia. Tulikula ule unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, watu wakiuita Yanga. Ndio mwaka ambao Waziri Mkuu Sokoine aliwasaka wahujumu uchumi, walioficha bidhaa, wengine wakawa wanatupa mali usiku kwa hofu. Mjomba wako akatuletea debe la sembe kutoka Iringa. Sembe nyeupe, mwanangu! Nikalisukuma uvunguni, nikalifunika kwa gunia na kanga yangu kuukuu, tulitunzie siku mbaya zaidi. Nilijiambia naogopa msako. Debe moja halimfanyi mtu mhujumu, hilo nililijua. Nilichoogopa ni kesho.

Jioni moja jirani wa chumba cha pili akaja na bakuli la bati lenye ua jekundu. Hakuingia. Alisimama mlangoni, bakuli kalificha nusu ndani ya kanga. "Jirani, huna hata kikombe kimoja? Watoto jana wamelala hivihivi." Nikamwambia sina. Nilikuwa nimekaa kitandani, debe liko chini yangu.

Siku nilipolifungua, unga ulikuwa umeshikana mabonge, wadudu wanatembea. Nikakumbuka mana ya jangwani, wale waliobakiza mpaka asubuhi ikaingia mabuu. Mungu hupima kwa siku. Nimewaambia hivyo tangu mko wadogo, nanyi mlidhani nimeyapata kanisani.

Wiki ileile jirani yule zamu yake ilifika duka la kaya. Akatupimia na sisi, kwa bakuli lilelile.

Lakini Yusufu naye aliweka akiba miaka saba kule Misri, akaponya watu. Na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Mama gani asingeficha? Hapo ndipo huwa nabishana na nafsi yangu mpaka leo. Sidhani kosa lilikuwa debe. Nadhani ni lile "sina", jinsi lilivyotoka upesi, bila hata kukwama kooni. Mungu hupima kwa siku, nami nilitaka kujipimia mwenyewe mwaka mzima.

Kwa hiyo hesabu zako za usiku siziiti dhambi. Ile kazi ya pili, inayokula Jumapili zako, ulimi unaniwasha nikuambie uiache. Sisemi. Wewe ndiye unayemjua mwenye nyumba wako na miezi sita anayoitaka kwa mkupuo.

Ila jambo moja nijibu. Mdogo wako alikuomba nauli mwezi jana, ukamwambia huna. Ulikuwa huna kweli?

Mama yako