Pedali ya kushoto imekataa kutoka

SWALI: Fundi, salamu. Nilinunua mauntenibaiki ya mitumba Gikomba na nataka kubadilisha pedali. Ya kulia ilitoka vizuri tu, lakini ya kushoto wacha, nimevuta spana mpaka kiganja kikatoka malengelenge na bado haijasonga. Jirani ananiambia niigonge na nyundo. Nifanyeje? — Msomaji, Umoja

JIBU: Nyundo mrudishie jirani. Kama ya kulia ilitoka bila matata, nashuku hii ya kushoto umekuwa ukiikaza tu badala ya kuifungua, maana thredi zake zimekatwa kinyume, unaifungua kwa kuzungusha vile mshale wa saa unaenda. Ukichanganyikiwa simamisha spana ikiangalia juu, halafu vuta kuelekea gurudumu la nyuma, na hiyo ni kwa pande zote mbili. Zilikatwa hivyo ili pedali isijifungue yenyewe ukiendesha, na wale ndugu Wright wa ndege, ambao walikuwa mafundi wa baiskeli kabla, mwaka 1900 walitangaza pedali isiyojifungua.

Sasa kama unazungusha upande sawa na bado imekwama, hiyo ni kutu. Ekseli ya pedali ni chuma na kranki, ule mkono pedali inapofungwa, mara nyingi ni alumini, maji yakiingia katikati hizo mbili zinashikana kweli kweli. Nyunyiza WD-40, yale mafuta ya kulegeza kutu, pale ekseli inapoingia kwenye kranki, nje na kwa ndani pia, uache ilale usiku mzima. Asubuhi mwagia kranki maji yanayochemka, alumini hupanuka kuliko chuma kwa hivyo inalegea kidogo, halafu jaribu hapo hapo kabla ipoe.

Spana iwe ya 15, ile nyembamba ya pedali, maana ya kawaida mara nyingi ni nene haiingii. Spana ya kurekebisha achana nayo, inateleza na kula kona, na kona zikishaisha utakuwa unalia. Pedali zingine zina tundu la alenkii, ule ufunguo wa pembe sita, kwa nyuma, ya 6 au 8. Baiskeli isimame chini, mtu aishike na afinye breki ya nyuma, wewe peleka kranki mbele, spana ilale juu yake ikiangalia nyuma, halafu sukuma chini na uzito wa mwili. Ikikataa ongeza urefu, kipande cha paipu juu ya spana kinafanya maajabu, hao wa jua kali Kamukunji watakukatia. Lakini kwanza weka cheni kwenye gia kubwa ya mbele, spana ikiachia ghafla yale meno yatakuchana vidole vibaya sana.

Ukirudisha mpya paka grisi kwenye thredi na uanze kwa vidole, si spana. Angalia herufi kwenye ekseli, L ni kushoto na R ni kulia, ukilazimisha R upande wa kushoto utakula thredi za kranki na hapo itabidi ununue kranki nyingine.