Upepo Umetoka Wapi? Namna Ninavyolisoma Ziwa Kubwa Kabla ya Kuingia na Kayaki

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji ambaye amenunua kayaki ndefu ya safari na anataka kuvuka mdomo wa ghuba wenye upana wa kilomita 8 katika ziwa kubwa. Alieleza kwamba programu ya simu yake inatabiri upepo wa kilomita 20 kwa saa, akaniuliza kama upepo huo unavukika. Nilifurahi kwamba aliuliza angali nchi kavu, lakini swali lake halijibiki kwa namba hiyo moja. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unaweza kukupa maji ambayo hata anayejifunza atayapita bila shida, na upepo wa kasi hiyohiyo, siku nyingine, unaweza kukupa mawimbi yanayokufika kifuani moja baada ya jingine. Kinachotofautisha siku hizo mbili ni umbali ambao upepo umesafiri juu ya maji kabla ya kukufikia, muda ambao umekuwa ukivuma, na upande unaokusukumia.

Wengi wetu tunaopenda safari ndefu za kayaki tunajua mambo haya kwa kuyasikia, ila si wengi wanaoyapigia hesabu. Chukua upepo wa kilomita 30 kwa saa. Ukiwa umepita juu ya kilomita 2 tu za maji wazi, mawimbi yake ni ya kama sentimita 20. Ukipita juu ya kilomita 20, yanafika kama sentimita 60, na ukipita juu ya kilomita 80 yanazidi mita 1. Kwa maneno mengine, umbali wa maji ukiongezeka mara nne, kimo cha wimbi huongezeka takriban mara mbili. Muda nao una sehemu yake: katika zile kilomita 20 upepo huhitaji kuvuma kwa muda wa saa tatu hadi nne ndipo mawimbi yafikie kimo hicho, na katika kilomita 80 huhitaji muda wa saa tisa hivi. Ndiyo maana sianzi na simu. Naanza na ramani. Naweka kidole mahali ninapotaka kupita, nakirudisha upande upepo unakotoka mpaka kiguse nchi kavu, kisha nasoma kilomita. Baada ya hapo natafuta upepo huo ulianza lini kuvuma kutoka upande huo, kwa sababu uliogeuka alfajiri na uliovuma usiku kucha ni pepo mbili tofauti hata kama kasi yao ni moja.

Umbo la ziwa ndilo linaloamua mengi hapa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, ilhali upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50, kwa hiyo upepo unaolifuata kwa urefu na upepo unaolikata kwa upana hauwezi kuzaa mawimbi yaleyale. Ziwa Nyasa nalo ni refu na jembamba, na upepo wa kusini unaoitwa mwera, unaovuma hasa kati ya Mei na Agosti, hulipitia kwa urefu wake na kuchafua maji mbali kabisa na pale ulipoanzia. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni pana kiasi kwamba karibu kila upande una maji ya kutosha kuzaa wimbi, isipokuwa pale visiwa vinapoukata upepo. Mtu akikuambia kwamba upande fulani wa ziwa huwa shwari, muulize ni shwari kwa upepo wa kutoka wapi.

Wapo pia wanaosema kwamba ziwa ni ziwa tu, halina ukali wa bahari. Kauli hii hunikera, kwa sababu nimeisikia ikitumika kuwaaibisha watu waliokuwa na wasiwasi wa haki. Tarehe 10 Novemba 1975 meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama katika dhoruba kwenye Ziwa Superior, huko Amerika Kaskazini, pamoja na watu wote 29 waliokuwamo. Kwa mwenye kayaki, tena, wimbi la ziwa mara nyingi ni baya kuliko wimbi la bahari la kimo kilekile. Wimbi la bahari kuu linalopita kila baada ya sekunde 10 lina urefu wa zaidi ya mita 150 kutoka kilele hadi kilele. Linakuinua taratibu na kukushusha taratibu. Wimbi la ziwa linalopita kila baada ya sekunde 4 lina mita 25 tu, na la sekunde 3 lina mita 14. Kayaki ya mita 5 haipati nafasi ya kupumzika kati ya vilele hivyo: omo, yaani sehemu ya mbele, inazama katika wimbi la pili kabla tezi, sehemu ya nyuma, haijashuka vizuri kutoka la kwanza, na ukigeuka kando kidogo unashikwa ubavuni. Kumbuka pia kwamba utabiri ukitaja mawimbi ya mita 1, kwa kawaida namba hiyo ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya saa chache za kupiga kafi utakutana na moja linalokaribia mara mbili yake, na moja hilo linatosha.

Sasa nieleze asubuhi ambayo bado inaniuma, ingawa maji yenyewe yalithibitisha niliyoyasema. Tulikuwa watu watano, tumelala kwenye ufukwe uliokingwa na kilima chenye miti. Kiongozi wetu, mtu aliyenizidi umri na miaka ya kazi hii, alikuwa amepanga tukate mdomo wa ghuba moja kwa moja badala ya kufuata mwambao wake. Kulipopambazuka maji mbele yetu yalikuwa yametulia kabisa. Lakini majani ya juu ya kilima yalikuwa yakitikisika, na mawingu yalikuwa yakielekea ziwani. Upepo ulikuwa nyuma yetu, unatoka nchi kavu, unaruka kilima na kutua juu ya maji mbali na pale tulipokuwa. Kibaya zaidi, ghuba yenyewe ilikuwa imeingia ndani kwa kilomita 30 hivi kuelekea uleule upande wa upepo, na kilima kiliukinga ufukwe wetu tu, hakikuikinga ghuba.

Nilichukua darubini nikapanda hadi kwenye miamba ya rasi. Kutoka pale niliona mambo mawili ambayo ufukweni hayakuwa yakionekana. La kwanza, si mbali na nchi kavu, rangi ya maji ilibadilika ghafla ikawa nzito na yenye madoa meupe, na mpaka kati ya maji yaliyokingwa na yasiyokingwa ulikuwa dhahiri. La pili, mstari wa upeo wa macho haukuwa umenyooka: ulikuwa na meno yaliyopanda na kushuka, kama ukingo wa msumeno. Upeo wa macho wenye meno unamaanisha kwamba huko mbele kuna mawimbi makubwa, hata kama hapa miguuni pako maji hayawezi kulowesha kifundo. Tena mawimbi yanayokwenda mbali nawe unayatazama mgongoni, na uso unaovunjika umeelekea kwingine, kwa hiyo madoa meupe unayoyaona ni machache kuliko yaliyopo. Niliyajua hayo, nikaongeza kiasi katika makadirio yangu, nikashuka na kusema kwamba mimi sivuki.

Kiongozi alitabasamu na kuwaambia wenzetu kwamba baadhi ya watu hupenda kayaki ikiwa juu ya gari. Watu walicheka. Wawili walimfuata, mmoja akabaki nami, nasi tukashika njia ndefu ya mwambao, tukiwa daima karibu na mahali pa kutua. Njia yetu ilikuwa ya kawaida na sina la kuisimulia. Wao, walipofika katikati, walikuta mawimbi mafupi yakiwajia kutoka nyuma kwa pembeni, mmoja akapinduka, na ingawa wenzake walimrudisha kwenye kayaki, muda wote wa uokoaji upepo ulikuwa ukiwasukuma wote watatu kuelekea ziwa wazi. Hawakuweza kurudi, kwa kuwa kurudi kulikuwa kupiga kafi dhidi ya upepo wa omo. Walitua jioni nyuma ya rasi nyingine kabisa, wakitetemeka. Baadaye nilisikia kiongozi akiwaeleza watu kwamba ziwa lilibadilika ghafla na kwamba mimi ndiye niliyeligawa kundi. Ziwa lile halikubadilika hata kidogo tangu alfajiri. Mtu yeyote aliyepanda miamba ile angeliona. Hakuna aliyewahi kuniambia neno kuhusu siku ile, na nakiri kwamba ninaandika makala hii nikiwa bado na donge lile moyoni.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, msilitazame ziwa kutoka ufukweni mnakopakia mizigo. Tembeeni. Pandeni mahali palipoinuka, au zungukeni mpaka upande usiokingwa, mkae hapo angalau dakika 20, kwa sababu upepo huja kwa vipindi na anayechungulia dakika mbili anaweza kukutana na kipindi cha utulivu. Hesabuni vichwa vyeupe, yaani vilele vya mawimbi vinavyovunjika na kutoa povu. Kipimo cha Beaufort cha kukadiria upepo kwa kuangalia maji, ambacho asili yake ni mwaka 1805, bado kinatusaidia hapa: vichwa vyeupe vichache huanza upepo ukiwa kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, huwa vya mara kwa mara kati ya 20 na 28, na kuanzia 29 huwa vingi kila upande, na matone huanza kurushwa hewani. Vikishakuwa vya mara kwa mara, mimi sivuki maji wazi na mtu nisiyejua uwezo wake. Vikishakuwa kila upande, sivuki na mtu yeyote. Msidanganywe pia na ongezeko dogo la kasi, maana nguvu ya upepo kwenye mwili na kwenye kafi hukua kwa mraba wa kasi yake: upepo ukitoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, msukumo wake umekuwa mara nne.

Upepo wa kutoka nchi kavu ndio ninaouogopa kuliko wote, nami nitalirudia hili hadi mnichoke. Unalainisha maji ya ufukweni na kukualika, kisha kila mita unayosonga mbele inaongeza wimbi na kurefusha njia ya kurudi. Upepo unaokuja kutoka ziwani walau unakuonyesha ubaya wake wote pale ulipo, na ukishindwa unakurudisha nchi kavu, ingawa kutua penye mawe na mawimbi yanayovunjika ni kazi nyingine. Kama njia inaruhusu, anza safari kwa kwenda kule upepo unakotoka, ili marejeo yawe mepesi wakati umechoka. Kabla ya kuamua kuvuka, toka nje ya kivuli cha upepo, yaani eneo lililokingwa, kwa dakika kumi, ugeuze kayaki mduara mzima. Ikikataa kuelekeza omo kwenye upepo, au ikigoma kutoka humo, umepata jibu lako ungali na uwezo wa kurudi.

Rasi zinastahili heshima ya pekee. Upepo hubanwa na kuongeza kasi unapozipita, mawimbi hujipinda kuzizunguka, na palipo na ukuta wa mwamba mawimbi hurudi na kugongana na yanayokuja, kiasi kwamba unakuta maji yanaruka juu bila mpangilio ilhali mita 300 kutoka hapo yana utaratibu. Mara nyingi ni salama zaidi kupita mbali na mwamba kuliko kuukaribia. Kwenye maji ya kina kifupi wimbi husimama na kuvunjika, kwa hiyo mafungu, yaani sehemu za kina kifupi, yaliyo mbali na ufukwe yatafutwe kwenye ramani mapema.

Saa nazo zina tabia. Siku ya jua, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka. Katika Ziwa Victoria pepo za usiku kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuzaa ngurumo nyingi za usiku na alfajiri, kwa hiyo kanuni ya kwamba asubuhi na mapema ni salama haifai kubebwa kila mahali. Kwenye maziwa ya baridi kama Superior, maji baridi ya mwanzo wa kiangazi huweza kuuzuia upepo wa juu usishuke, lakini majira ya kupukutika majani yakifika, hewa baridi juu ya maji yenye joto huuteremsha kwa vishindo. Ukiona wingu linapanda na kutanuka juu, hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Usisubiri mvua ikuguse, kwa kuwa upepo wa wingu hilo hutangulia mvua yake.

Jaketi okozi huvaliwa, halifungwi kwenye sitaha, na mavazi huchaguliwa kwa joto la maji wala si la hewa. Hayo sitayajadili.

Jambo la mwisho linawahusu wanaoongoza wenzao. Siku hizi ninapokuwa na kundi, kila mtu hupanda kuangalia maji kwa macho yake, kisha kila mmoja hutoa maoni kuhusu kuvuka au kutovuka, na anayeanza kusema ni yule mgeni kuliko wote, kabla sauti ya mwenye uzoefu haijamfunga kinywa. Mmoja akisema hapana, tunashika mwambao sote, na hatakiwi kutoa sababu.