Majani yaliyoota ukungu usimpe ng'ombe

Pole sana ndugu yangu wa Micheweni. Umeuliza kama majani makavu yaliyoroweshwa na masika yakaota ukungu yanaweza kuanikwa tena. Usimpe ng'ombe, tafadhali. Jua hukausha tu. Sumu ya ukungu haiondoki, na nyengine hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Mkatie mabichi, yanyauke kidogo, umbadilishie pole pole asije akavimba tumbo.

Ya akiba ya kaskazi kata kipupwe, kabla hayajatoa mbegu. Sokota fungu mkononi: likivunjika, weka, likijipinda tu, anika tena. Yapange juu ya uchaga, yasiguse sakafu.

Ikiwa keshayala na sasa hacheui, au ubavu wa kushoto umejaa, mwite daktari wa mifugo leo hii.