Usaili wa rubani msaidizi: tunajibu barua zenu

SWALI: Nina leseni ya urubani wa biashara, injini mbili na kibali cha kuruka kwa vyombo. Saa zangu ni 215. Nimeitwa kwenye usaili wa rubani msaidizi wa ATR 72, zimebaki wiki 3. Vitabu vya nadharia vimejaa mezani, sijui nishike kipi. – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Shika kwanza logibuku yako, kitabu unachoandikia kila safari na saa zake. Wasaili wataifungua kabla hujaulizwa lolote, na kosa la logibuku huonekana haraka kuliko kosa la nadharia. Jumlisha upya kila safu, ukurasa kwa ukurasa: saa zote, saa za kuwa rubani mkuu, injini mbili, usiku, vyombo. Jumla ikikosewa ukurasa mmoja, inabebwa mpaka mwisho, kisha haifanani na ile uliyoandika kwenye fomu ya maombi. Ukikuta kosa usifute kwa wino mweupe. Kata kwa mstari mmoja unaoacha tarakimu ya zamani isomeke, andika iliyo sahihi, weka saini. Halafu kumbuka safari zako, hasa zile ulizorudi njiani au kuahirisha, maana msaili anaweza kunyoosha kidole kwenye mstari wowote na kukuuliza siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje.

Pili, ijue barabara ndege uliyojifunzia. Hukuwahi kurusha ATR, kwa hiyo inatosha uijue kwa mambo makuu: injini mbili za familia ya PW127 zinazozungusha panga, abiria kama 70, na kwa nini kwenye safari fupi hula mafuta kidogo kuliko jeti. Lakini ukishindwa kutaja kasi ya chini ya kuimudu ndege yako ya mafunzo ikiwa na injini moja, na sababu ya kasi hiyo kubadilika injini ya kushoto au ya kulia inapozimika, utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Nyaraka: cheti cha afya cha daraja la kwanza kiwe hai, pamoja na kiwango chako cha Kiingereza cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kwa utaratibu wa ICAO, cha 4 hupimwa tena baada ya miaka 3, cha 5 baada ya miaka 6, cha 6 hakirudiwi.

SWALI: Hesabu za kichwani zinanitoa jasho. Nikinyimwa kikokotoo nabung'aa tu. – Msomaji, Embakasi, Nairobi

JIBU: Hesabu zenyewe ni chache. Zifanye kwa sauti kila siku, hata ukiwa kwenye matatu, kwa sababu msaili anataka kusikia njia yako kabla ya jibu.

Kushuka: uko futi 19,000 na unataka kufika futi 3,000. Wengi hukimbilia 19 mara 3, wakasahau kwamba hawashuki mpaka sufuri. Tofauti ni 16,000, na kila futi 1,000 zinahitaji maili 3 za baharini, kwa hiyo anza maili 48 kabla, na uongeze chache za kupunguza mwendo. Kasi yako ya ardhini ikiwa noti 240, yaani maili 240 za baharini kwa saa, unakwenda maili 4 kwa dakika. Maili 48 ni dakika 12, na 16,000 ukigawa kwa 12 unapata futi 1,330 hivi kwa dakika. Kwenye mteremko wa mwisho wa nyuzi 3, zidisha kasi ya ardhini kwa 5: noti 120 ni futi 600 kwa dakika.

Upepo wa ubavuni: tuseme METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, ya Dar es Salaam inasema 18012G24KT (upepo kutoka nyuzi 180, noti 12, ukivuma kwa nguvu 24) na unatua njia ya 23. Upepo unatoka nyuzi 180, njia inaelekea 230, tofauti ni 50, na unakupiga kutoka kushoto. Sasa tumia uso wa saa: nyuzi 15 ni robo ya upepo, 30 ni nusu, 45 ni robo tatu, 60 na kuendelea ni upepo wote. Nyuzi 50 ni dakika 50 za saa, yaani sehemu 5 kati ya 6. Upepo ukivuma kwa nguvu unafika noti 24, kwa hiyo ubavuni ni 20. Hesabu kamili ingekupa 18. Saa inakosea kidogo upande wa usalama, na ni vizuri ukalisema hilo mwenyewe. Sema pia kwamba upepo wa METAR hupimwa kwa kaskazini ya kweli, ila ule unaopewa na mnara hupimwa kwa kaskazini ya dira.

Kwa kuwa uko Nairobi, tarajia swali la joto na mwinuko. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330. Kwa mgandamizo wa kawaida wa 1013, joto sanifu hapo ni nyuzi 4 hivi. Siku ya nyuzi 25 umezidi kwa 21, na kila nyuzi moja ni futi 120, jumla 2,520. Ndege itajiona iko karibu futi 7,850: injini inapata hewa nyembamba, na kasi ileile ya kwenye kioo inamaanisha kasi kubwa zaidi ya kweli, hivyo unakula njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka.

Na V1, ile kasi ya uamuzi ndege inapokimbia ili iruke, tafadhali, usiseme ni kasi ya kuanza kuamua. Ikifika V1 uwe umeshachukua hatua ya kwanza ya kusimamisha ndege. La sivyo, unaruka.

SWALI: Shikamooni. Wenzangu wanasema swali la "kapteni akikosea utafanyaje" ni la mtego. Mimi nimelelewa kutombishia mkubwa. – Msomaji wa kike, Mwanza

JIBU: Marahaba, binti yetu. Si mtego, na huenda ndilo swali zito kuliko yote utakayoulizwa. Tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, ndege ya KLM ikiwa inakimbia iruke, injinia wake aliuliza kama ndege ya Pan Am ilikuwa imeshatoka kwenye njia hiyohiyo. Kapteni akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka, na injinia hakuendelea kuhoji. Ndege hizo ziligongana, watu 583 wakafa. Karibu na sisi, usiku wa 5 Mei 2007, safari namba 507 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kameruni, gizani. Kapteni alitamka agizo la kuwasha mfumo wa ndege kujiendesha, rubani msaidizi hakulithibitisha, na mfumo haukuwaka. Ndege ikalala kulia taratibu bila wao kufuatilia vyombo. Wote 114 walifariki.

Kwa hiyo jibu kwa ngazi. Kwanza taja unachokiona, kwa namba: "Kapteni, kasi noti 10 juu." Asipojibu, pendekeza: "Napendekeza tupande turudie." Bado kimya, taja hatari yenyewe kwa sauti kavu. Kushika usukani kunakuja mwisho, pale usalama unapokwisha na muda umekwisha, na unatamka wazi kwamba umeuchukua. Anayeanza na usukani huwatisha wasaili sawa na yule asiyefika huko kabisa. Heshima unayo bado: "Kapteni" na sauti tulivu zinatosha.

SWALI: Kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, wanapima nini hasa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kawaida kuruka, kugeuka kwa nyuzi 45, kuzunguka ukisubiri, kutua kwa ILS (mawimbi ya redio yanayokuongoza hadi njiani) na injini kuzimika. Hawategemei uijue ndege hiyo, hivyo kabla ya kuingia uliza pembe ya pua na nguvu ya injini kwa kila hatua, uandike kwenye karatasi. Wanaoanguka wengi wanaukaba usukani na kusahau trimu, kile kidhibiti kinachopunguza uzito wa usukani mkononi, kisha wanafukuza sindano huku na huku. Weka pembe, weka nguvu, subiri, trimu. Ukikosea, sema "narekebisha" na urekebishe. Wanakutazama kama mara ya pili umefanya vizuri kuliko ya kwanza.

SWALI: Nilifeli somo moja la leseni, nikarudia. Niseme? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ukiulizwa, sema somo lipi, ulikosea wapi na ulisomaje upya. Rekodi za mitihani zinatunzwa na mamlaka, na mwajiri anaweza kuomba kuziona.